Kiwambo Kisicho na Kioo

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Hata hivyo, kijana mmoja wa mwaka wa nne, aliyesomea Kiswahili sambamba na sayansi ya tarakilishi, alitambua asubuhi moja kuwa si kila uchi unaostahili kuanikwa ukumbini.

Kijana huyo alikuwa na mwandani wake ambaye macho yalikuwa yakififia. Hata akiketi mstari wa mbele, maandishi yaliyomulikwa ukutani na projekta aliyaona kama ukungu. Kijana akajifunga kibwebwe kumwandikia programu: maandishi ya mhadhara yatoke kwenye kipakatalishi cha mbele, yapite hewani, yatue kwenye tabuleti mkononi mwa mwandani wake, naye ayakuze apendavyo.

Njia ya kwanza ilikuwa kunasa kiwambo. Programu huichukua picha ya kiwambo kizima mara nyingi kwa sekunde, ikaibana na kuituma. Kubana hakuepukiki. Kiwambo cha pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 4, kina baiti 8,294,400. Picha 30 kwa sekunde ni takriban baiti milioni 249. Baada ya wiki mbili kazi ilikuwa tayari.

Siku ya majaribio, kijana alikuwa akiwasilisha makala yake kuhusu ngeli. Ghafla arifa ya baruapepe kutoka kwa kaka yake ikachomoza pembeni, ukutani na kwenye tabuleti: "Karo haijapatikana. Mbuzi wamekosa mnunuzi." Ukumbi ulinyamaza, kisha kicheko kikasikika nyuma. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze.

Usiku ule aliapa kuiacha njia hiyo na kuifuata ya pili: kiwambo cha kidhahania. Hiki ni kiwambo kisicho na kioo wala waya. Mfumo endeshi huambiwa kuwa kuna kiwambo kingine, nao ukakichora ndani ya kumbukumbu tu. Wazo hilo si geni. Mfumo wa X, uliozaliwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, una programu iitwayo Xvfb inayofanya hivyo, na waundaji wa programu huitumia kufanyia majaribio kwenye mitambo isiyo na kiwambo. Windows 10 nayo ilifungua mlango kwa viendeshi vya namna hiyo mwaka 2016, ingawa kuandika kiendeshi ni kazi nzito kuliko kuandika programu ya kawaida.

Kijana alimweleza mwandani wake kwa fahari kuwa sasa angepokea dirisha lililochaguliwa tu.

"Na mhadhiri akifungua ukurasa mwingine kwenye kiwambo chake, wenzangu watauona. Mimi je?"

"Itabidi auhamishie upande wako."

"Basi, ndugu yangu, umenijengea darasa la peke yangu. Sitaki kuona mengi kuliko wenzangu, wala machache."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana aling'amua kuwa alikuwa akiilinda aibu yake, akaisahau haki ya mwenzake. Hakuwa ameuliza swali la kwanza: anayetazama anastahili kuona nini?

Jibu lilimrudisha kwenye kunasa, ila kwa mpaka. Projekta haikuwa tena nakala ya kipakatalishi, bali kiwambo cha pili. Na programu ikanasa hicho cha pili pekee, jambo ambalo Windows huliwezesha tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Barua za nyumbani zikabaki kwenye kioo cha mwenyewe. Kiwambo cha kidhahania hakukitupa. Bwenini hakukuwa na projekta, hivyo kilichoundwa na wengine kilisimama badala yake wakati wa kuirekebisha programu.

Katika mhadhara uliofuata, kosa la upatanisho wa kisarufi lilijitokeza ukutani. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa yule mwenye tabuleti.