Kabla Baba Hajashusha Ngalawa

Akina mama wenzetu, makala hii tumeiandika wawili, mama mkwe na mkamwana, tunaoishi nyumba moja katika pwani ya Tanga. Mtu tunayemzungumzia humu, kwa mmoja wetu ni mume, kwa mwingine ni mwana. Ni mvuvi. Nyumba yetu inaendeshwa na ngalawa yake ya tanga, nyavu chache na mishipi, pamoja na samaki tunaowakaanga na kuwauza jioni.

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba kutazama upepo ni kazi ya mwanamume, na kazi ya mwanamke ni kutazama chungu. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni ilitufundisha kwamba tumekosea.

Ilikuwa katikati ya kusi. Jioni iliyotangulia redio ilisoma angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, katika mikoa yote ya pwani. Sote tulisikia, na hakuna aliyesema neno. Unga uliobaki ulikuwa wa mlo mmoja, na mtoto wa pili alikuwa anadaiwa mchango wa shule.

Alfajiri saa 11 baba watoto alisimama mlangoni akatazama nje kwa muda mrefu. Akasema, "Mama, leo moyo wangu hautulii na bahari hii."

Tungeweza kumwambia, "Basi, kaa." Badala yake tulimjibu kwa zamu. Mmoja alisema, "Mbona imetulia kama maji ya mtungini? Jirani ameshaondoka." Mwingine akasema, "Na watoto watakula huo moyo wako?" Hakujibu. Alichukua kasia, akamwamsha mpwa wake, wakaenda.

Saa 4 asubuhi minazi ilianza kuinama. Saa 5 bahari yote ilikuwa na povu jeupe, na mwamba ukanguruma mpaka tukausikia jikoni. Tulikwenda ufukweni tukasimama. Vyombo vilirudi kimoja kimoja, cha jirani kikiwemo. Chetu hakikurudi. Mchana ulipita, magharibi ikaingia, nasi tulikuwa hatuwezi kutazamana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakumbuka maneno yake mwenyewe. Tuliomba, lakini sala ya mtu aliyemsukuma mwenziwe hatarini ni nzito kinywani.

Saa 2 usiku waliingia uani kwa miguu. Kusi iliwasukuma kuelekea kaskazini mpaka pwani ya kijiji kingine. Mti mmoja wa pembeni unaoshikilia ngalawa isipinduke ulikuwa umevunjika, nyavu zimepotea, na yule kijana viganja vilikuwa vimechubuka kwa kukumba maji mchana kutwa. Baba watoto hakutulaumu. Alikunywa uji, akasema neno moja tu: "Niliuona." Alikuwa na maana ya upepo.

Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu kutazama bahari ni kazi ya wote. Mkubwa kati yetu aliolewa na mvuvi pia, na mambo mengi aliyajua tangu zamani. Siku ile njaa ilimfumba mdomo. Haya ndiyo tunayoyafanya sasa.

Tunaanza jioni, si alfajiri. Tunasikiliza redio, au kijana anasoma taarifa kwenye simu. Mamlaka hutoa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Meli inaweza kungoja neno la tatu. Ngalawa isingoje. Kwetu sisi, angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa linatosha, na neno hilo tunalisema kabla ya kulala, wakati tumbo la asubuhi halijaanza kubishana nasi.

Pili, tunahesabu mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo hupita kwa nguvu katika mlango wa mwamba. Maji yanapokupwa hutoka kwenda nje, na kusi huvuma kuja ndani. Vikikutana, mawimbi husimama wima, mafupi na makali, hata kama nje ya hapo si mabaya. Kwa hiyo swali letu si "utaondoka saa ngapi?" tu. Tunauliza, "Saa ya kurudi, maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa?"

Tatu, hatuuamini utulivu wa alfajiri. Saa hizo umande, yaani upepo mwepesi wa nchi kavu, huizuia kusi karibu na ufuko, na maji hulala. Jua likipanda, nchi hupata joto, umande hufa, na kusi huingia na nguvu zake zote. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Sasa tunatazama mbali, pale mbingu na bahari zinapokutana. Mstari ukiwa umenyooka, ni vyema. Ukiwa na meno kama msumeno, huko nje mawimbi ni makubwa hata kama hapa watoto wanaoga. Tunasikiliza mwamba pia, na tunatazama upande wa kusini: wingu jeusi lenye mvua chini yake hutanguliza upepo kabla ya tone la kwanza.

Akienda, tunajua anakokwenda na saa ya kurudi. Jaketi okozi ni mbili, na simu imefungwa vizuri ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Lakini akina mama, haya yote hayafai kitu kama chungu ni kitupu. Upepo uliomtoa baba watoto nyumbani siku ile haukutoka baharini, ulitoka jikoni kwetu. Kwa hiyo tulianza kopo la kusi. Wakati wa maleleji, bahari inapotulia na samaki wanapopatikana, kila siku tunatia humo kiasi, hata kama ni kidogo. Tunakausha ng'onda za kuweka. Tumepanda mihogo nyuma ya nyumba. Tangazo la upepo likija, baba watoto anajua kwamba ana siku 3 au 4 za kushona nyavu bila mtu kumwonyesha uso wa njaa.

Wapo wanaosema kwamba mwenye imani haogopi bahari. Sisi tunawaelekeza kwenye Matendo ya Mitume sura ya 27. Mtume Paulo alikuwa na imani kuliko sisi sote, lakini ndiye aliyewaonya wasiondoke bandarini, maana majira yalikuwa yamepita. Hawakumsikiliza. Upepo wa kusini ukavuma taratibu, wakadhani wamepata walichotaka, wakang'oa nanga. Dhoruba ikawashukia baadaye. Mungu aliwaokoa watu wote, lakini chombo na mizigo vilipotea. Tunaposoma habari hiyo tunaona ngalawa yetu.

Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika karibu na kisiwa cha Mafia, tangazo lilikuwa limetoka siku kadhaa kabla, na kila mtu alikuwa anaongea habari zake. Kitu chenye jina watu hukiogopa. Kusi ya kila mwaka haina jina, tumeizoea, na kwa sababu hiyo inaingia kwa urahisi katika nyumba yenye shida.

Mama mwenzetu, huenda mume wako si mvuvi. Labda anaendesha lori usiku, au anapanda minazi, au anachimba visima. Akisimama mlangoni akakwambia kwamba leo moyo wake hautulii, usimjibu upesi. Mwulize ameona nini. Kisha tazameni pamoja.

Juma lililopita redio ilitoa angalizo tena. Baba watoto alitutazama, nasi tukatazama kopo. Mmoja wetu akasema, "Kaa, baba." Alikaa. Tulikula mihogo na ng'onda, tukaimba wimbo mmoja, tukalala huku mwamba ukinguruma, na watu wetu wote wakiwa ndani.