Mahindi ya Chumbani

Kwa muda mwingi wa utumishi wake, mwandishi wa kumbukumbu hizi aliishi kwa kuuliza maswali. Alikuwa afisa wa kufuatilia magonjwa huko Makueni, Ukambani, na wanakijiji walimwita daktari ijapokuwa hakumwandikia mtu dawa. Kazi yake ilikuwa kujua nani anaugua nini, wapi na tangu lini, kabla mambo hayajaharibika.

Kila wiki zahanati zilimletea hesabu: kipindupindu wangapi, surua wangapi, watoto wangapi waliopooza ghafla. Zahanati iliyokosa mgonjwa ilitakiwa iandike sufuri. Hilo alilisisitiza hadi wauguzi wakachoka naye, kwani nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama ugonjwa haupo au kama aliyepaswa kuandika ndiye hakuwapo. Mtoto aliyelegea mguu alifuatwa mpaka kwao, choo chake kikachukuliwa mara mbili ndani ya siku 14 tangu kulegea, kwa kupishana saa 24 au zaidi, kikawekwa kwenye boksi la baridi na kupelekwa maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, Nairobi, kutafutwa virusi vya polio. Kenya ilikuwa haijapata polio iliyoanzia nchini tangu 1984, lakini boksi liliendelea kusafiri.

Halafu ukaja mwaka 2004.

Kufikia Aprili na Mei, hospitali zilikuwa zikipokea watu wenye macho ya manjano, wanaotapika, matumbo yamevimba. Wengi walikufa, na watoto hawakusazwa. Shaka ya kwanza iliangukia homa ya ini inayoletwa na virusi. Wengine walitaja homa ya manjano, iliyowahi kuzuka Bonde la Ufa mwaka 1992. Maabara haikuunga mkono mawazo hayo. Afisa naye alikuwa na daftari lake lenye safu za kawaida: umri, jinsia, kijiji, siku dalili zilipoanza. Alipolisoma kutoka juu hadi chini aliona jambo lililomkosesha usingizi. Boma moja lilikuwa na wagonjwa watatu, na boma la jirani, ambalo watu wake walichota maji kisima kimoja na kusali kanisa moja nao, halikuwa na hata mmoja.

Wazee wa kazi walikumbuka Machakos, 1981, ambako watu 12 kati ya 20 waliougua namna hiyo walifariki baada ya kula mahindi yenye kuvu. Mahindi ya safari hii yalipopimwa, mengine yalikutwa na aflatoksini, yaani sumukuvu, hadi sehemu 4,400 kwa bilioni. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa 20.

Hata hivyo, karibu kila mtu Ukambani alikuwa akila mahindi. Kwa nini huyu afe na jirani yake apone? Wachunguzi wa Wizara ya Afya na wenzao wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, walichukua wagonjwa 40, kisha watu 80 wazima kutoka vijiji hivyohivyo, wawili kwa kila mgonjwa. Afisa anaamini mpaka leo kwamba hapo ndipo palipokuwa na moyo wa kazi yote, na ndipo palipokuwa pagumu kueleweka. Watu waliofiwa walitaka wagonjwa wao watazamwe. Yeye alikuwa akipita mlango wenye msiba kwenda kubisha kwenye mlango wenye amani.

“Mwanangu, kwangu hakuna mgonjwa,” bibi mmoja alimwambia. “Unatafuta nini?”

“Ndiyo sababu nimekuja, susu,” alimjibu, akimwita bibi kwa Kikamba. “Nionyeshe unakoweka mahindi.”

Bibi akamwonyesha ghala la nje, limeinuliwa juu ya nguzo, upepo ukipita chini yake. Kwa jirani yake magunia yalikuwa chumbani, yameegemezwa ukutani kando ya kitanda. Afisa aliingiza mkono katika mojawapo na kukuta joto. Punje zilishikana vidoleni, na karibu na kikonyo zilikuwa na unga wa kijani kibichi. Hakuna aliyekuwa mzembe katika nyumba ile. Mvua zilikuwa zimeharibika, mavuno yalikuwa haba, na gunia lililoachwa nje lingeweza kuibwa usiku mmoja. Watu walivuna mapema, mahindi yangali mabichi, wakalala nayo.

Hesabu zilipofungwa, mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumu wa takriban 354 kwa bilioni, na ya nyumba za wazima 44. Kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulihusiana wazi na ugonjwa. Na ile 44 ilimtia hofu kuliko tarakimu nyingine yoyote, maana hata waliokuwa wazima walikuwa wakila zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa. Sokoni hali ilikuwa hivyohivyo: asilimia 55 ya sampuli za mahindi zilivuka mpaka.

Kufikia Julai 20 walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Serikali ilileta chakula badala ya mahindi yaliyooza, lakini kumwomba mama atoe gunia lake la mwisho kwa ahadi ya lori ambalo hajaliona ni mazungumzo marefu. Afisa alijifunza kutoondoka kabla chakula kingine hakijafika.

Sumu ilirudi 2005, ikarudi tena 2006. Kuvu ya jamii ileile isiyotengeneza sumu, inayomwagwa shambani kabla mahindi hayajatoa maua ili iishinde ile mbaya, ilisajiliwa Kenya mwaka 2015 kwa jina la Aflasafe KE01. Afisa aliifurahia sana. Lakini miaka 11 kati ya makaburi na dawa ya shambani anaiona mirefu mno, na kila anapoalikwa kuzungumza na maafisa vijana huwauliza magunia ya kwao yamewekwa wapi.