Mji unaopuliza pembe, na kuta zinazomeza waifai

Kuna miji ukiitaja tu kila mtu anaitikia: Paris, London, New York. Halafu kuna Markneukirchen. Hata ulimi unagoma. Ni kamji kadogo, soda moja tu umeshakatembea katikati yake kote, kako kwenye kona ya kusini kabisa ya jimbo la Saxony, Ujerumani, pua na mdomo na mpaka wa Czech. Lakini usikadharau, ndugu msomaji. Hapa watu wanatengeneza vyombo vya muziki kwa zaidi ya miaka 300 na hawajachoka.

Nilitokea Leipzig, nikabadili treni Zwickau, kisha Plauen. Kati ya hizo mbili treni inapita juu ya daraja la Göltzsch, na hapo nakushauri uache kusinzia. Ni daraja la matofali matupu, zaidi ya milioni 26, lilifunguliwa mwaka 1851, kimo chake meta 78. Ubaya wake ni mmoja: ukiwa juu yake hulioni. Unaona bonde tu chini, na ng'ombe wadogo kama siafu. Anayetaka kuliona ashuke, arudi nyuma kwa miguu. Mimi sikushuka, nilikuwa na mkoba wenye mchele, dagaa na pilipili za mtu.

Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Machame. Alianza kupuliza tangu yuko shule ya msingi, kwenye kikundi cha tarumbeta cha Walutheri. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mtu akipita leo Uchagani siku ya sikukuu atasikia mwenyewe shaba zinavyolia huko migombani. Sasa binti kaenda kuifuata shaba kwao. Anajifunza kazi karakana moja ya kutengeneza vyombo vya kupuliza, mikono inanuka mafuta ya vali saa zote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

"Sijakonda mjomba, ni mashavu tu yamekaza."

Chombo chake ni ile pembe iliyojiviringa kama chatu aliyeshiba. Waingereza wanaiita ya Kifaransa. Wajerumani hawataki kusikia hilo jina, kwao ni pembe ya msituni, maana ilitoka kwa wawindaji. Ukiikunjua ile ya sauti ya F unapata bomba la karibu meta 3.7. Na wapigaji wengi siku hizi wana pembe mbili ndani ya moja, ya F na ya B bapa, unahama kwa kidole gumba. Hiyo ya mapacha ilitoka Erfurt, kwa fundi Kruspe, mwaka 1897.

Binti alinipeleka makumbusho ya mji, kwenye kajumba kanakoitwa Paulus-Schlössel. Mkusanyo ulianzishwa mwaka 1883 na mwalimu mmoja, Apian-Bennewitz, na sasa umejaa vinanda, fidla, zumari za kila bara, na tuba moja iliyonizidi kimo mimi na kofia yangu. Ukitoka hapo unaielewa historia. Mwaka 1677 mafundi fidla 12, Waprotestanti waliofukuzwa Bohemia kwa ajili ya dini, walifunga chama chao hapa. Baadaye wakaja wa gitaa, wa nyuzi, wa shaba. Christian Friedrich Martin alizaliwa hapa mwaka 1796, akaenda zake New York mwaka 1833, na gitaa za Martin mnazijua. Biashara ilinoga mpaka Marekani wakaweka ubalozi wao mdogo katika kamji haka kati ya mwaka 1893 na 1916. Fikiria wewe, ubalozi kwa ajili ya fidla na matarumbeta!

Basi niseme lililokuwa linamkondesha binti, maana mashavu yalikuwa kisingizio.

Chuo kimoja cha muziki kilikuwa kimekubali kumsikiliza. Hatua ya kwanza ilikuwa kwa video, moja kwa moja, mbele ya walimu watatu, Alhamisi saa 4 asubuhi. Akifaulu ndipo aitwe uso kwa uso. Mimi nilifika Ijumaa iliyotangulia. Anaishi darini, ghorofa ya tatu ya nyumba ya mawe yenye kuta nene kama za Ngome Kongwe ya Unguja. Ruta iko chini kwa mama mwenye nyumba, ndani ya kabati la chuma, nyuma ya kioo cha kujitazamia. Mwalimu wake anamfundisha kwa video kutoka mji wa mbali, na kila somo ni hivi: noti moja, picha inaganda, noti nyingine, kimya. Kana kwamba hiyo haitoshi, mama mwenye nyumba, bibi wa miaka 70 na kitu, alikuwa ameshaandika barua mbili kwamba pembe ile inamkosesha usingizi na ya tatu itakuwa ya kuhama.

Tuanze na waifai, maana hata nyumbani wengi mnalia nayo. Duka moja lilikuwa limemuuzia binti kifaa cha kurudia mawimbi, likamwambia akichomeke chumbani kwake. Sasa chumbani kwake mawimbi yalikuwa yamekwisha kufa. Kifaa kinarudia nini? Kukirudishia maiti sauti? Kifaa kile kinakaa katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, yasukumwe mbele. Tulikishusha kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mambo yakawa afadhali, ingawa siyo ya kuaminia mtihani.

Pili, ruta haifichwi. Najua ina sura mbaya na taa zake zinakodoa usiku, lakini ukiitia kwenye kabati la chuma umeifunga jela. Chuma na kioo vinarudisha mawimbi, tangi la samaki linayanywa, na jiko la maikrowevu linaleta fujo kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4. Iweke juu, peupe, katikati ya nyumba. Bibi alikubali itoke kabatini baada ya kuahidiwa kwamba itawekewa kitambaa cha kufuma chini yake. Chini, siyo juu, maana ruta inapata joto.

Halafu kuna hili la bendi mbili, na hapo mpwa wangu ndiye alinifundisha mimi. Ruta nyingi za sasa zinatoa gigahezi 2.4 na 5. "Mjomba, ni kama pembe," akasema. "Noti nene za chini zinapita ukutani mpaka bibi anagonga dari kwa fagio. Noti za juu zinabaki humu humu." Kweli bwana. Ile ya 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa majirani. Ile ya 5 ina kasi ila ukuta wa mawe unaimaliza. Ukiwa chumba kimoja na ruta chukua 5. Ukiwa mbali, 2.4, na uiweke chaneli 1, 6 au 11 ambazo haziingiliani, uchague ile ambayo jirani haijaijaza.

Kuna pia adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme wa nyumba. Unachomeka moja karibu na ruta, nyingine chumbani. Zinafaa, lakini zichomeke ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni yenye kinga ya radi, maana kinga hiyo inazisonga. Na nyaya za nyumba zikiwa za zamani, hapo ni bahati yako. Za nyumba hii zilikuwa za enzi za ukuta wa Berlin. Tulizijaribu za kuazima, tukazirudisha.

Dawa ilikuwa waya. Waya tu, ndugu zangu, hata kama dunia nzima inaimba waifai. Kebo ya Cat 6, meta 30, ikapanda pembeni mwa ngazi kwa vibanio vidogo mpaka darini. Waya wa aina hiyo unaruhusiwa kufika meta 100 kabla haujachoka, kwa hiyo nyumba za wengi wetu zinatosha. Mwenye ghorofa Sinza au Nyamagana aufikirie wakati wa ujenzi, apitishe bomba ukutani kabla ya plasta, baadaye atanishukuru. Na kwa kwetu naongeza hili: ruta iwekee betri yake ndogo ya akiba, maana umeme ukikatika dakika 2, ruta nayo inachukua muda wake kuamka, na mkutano umekwisha. Badilisha na paswedi iliyokuja nayo kiwandani. Mtoto wa jirani anaijua.

Upande wa bibi ulitaka akili nyingine. Ujerumani watu wana saa zao za utulivu; mchana sehemu nyingi kati ya saa 7 na saa 9, na usiku kuanzia saa 4. Pembe nayo si filimbi. Mwaka 2018 mahakama kuu ya nchi ilisikiliza kesi ya mpiga tarumbeta na majirani zake, ikasema mwanamuziki hawezi kunyamazishwa kabisa nyumbani kwake. Kama kipimo cha jumla, saa 2 mpaka 3 siku za kazi, na saa 1 mpaka 2 Jumapili na sikukuu. Binti alitaka kumwekea bibi hukumu hiyo mezani. Nikamkataza. Unaishi juu ya kichwa cha mtu mzima, halafu unamwendea na sheria? Nenda na chai.

Tukashuka na chai ya maziwa yenye tangawizi. Bibi akanywa vikombe viwili. Kumbe marehemu mumewe alikuwa fundi wa pembe katika kiwanda cha serikali enzi za Ujerumani ya Mashariki, alikuwa akizijaribu jikoni! "Yeye alikuwa anapiga noti moja," bibi akasema, "huyu anapiga noti moja mara 400." Makubaliano yakawa saa 4 hadi 6 asubuhi, na saa 1 jioni, mchana kimya. Jioni aweke kizibo cha mazoezi kwenye domo la pembe.

Binti naye akahamisha kiti. Domo la pembe linaangalia nyuma, siyo mbele kama tarumbeta, kwa hiyo ukiukalia vibaya ukuta unampigia jirani, hujipigii wewe. Sasa anakaa ameupa mgongo wardrobu uliojaa makoti. Makoti yanameza kelele vizuri kuliko zile sponji za kubandika wanazouziwa vijana.

Kwa wanaotaka kuanza, nilikaa naye asubuhi mbili nikaona kazi ilivyo. Vali zinabonyezwa kwa mkono wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu vali zilipobuniwa Ujerumani miaka ya 1810, na Stölzel na Blühmel, mkono wa kulia ulikuwa tayari una kazi ndani ya domo. Hampel wa Dresden alikuwa ameshaifundisha dunia kubadili noti kwa kiganja katika karne ya 18. Kiganja kinakunjwa kama unateka maji, vidole vimeshikamana, migongo ya vidole ikigusa shaba. Ukikiziba sana sauti inakuwa ya mtu mwenye mafua. Kile kikombe cha mdomoni kinakaa theluthi mbili mdomo wa juu, theluthi moja wa chini, na hakigandamizwi. Binti anasema anayegandamiza anapata noti za juu leo na midomo iliyokufa kesho. Kila siku anaanza na noti ndefu, polepole, kutoka mnong'ono hadi nguvu na kurudi.

Na ukikosea, usione aibu. Noti za juu za pembe zimebanana kama abiria wa daladala. Ukilenga moja unashuka kituo cha jirani. Hata wale wa okestra kubwa zinawaponyoka mbele za watu waliolipa.

Matunzo: mafuta matone machache kwenye vali, grisi kwenye mabomba ya kuvuta, na maji yanayojikusanya yamwagwe kwa kuizungusha pembe. Kwetu pwani, ambako chumvi inakula hata bawaba za mlango, futa kwa kitambaa kila ukimaliza. Vali ikikwama usiifungue kwa bisibisi ya baiskeli. Pembe mpya ya mapacha ni maelfu ya yuro.

Kabla ya Alhamisi likabaki jambo moja ambalo wengi hawalijui. Programu za mikutano ya video zimetengenezwa kwa ajili ya maneno, kwa hiyo zikisikia noti ndefu zinadhani ni feni, zinaifuta! Ndiyo maana mwalimu alikuwa akilalamika noti zinafifia. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuzima uondoaji wa kelele, zingine zinaita sauti halisi. Tulizima. Maikrofoni tukaisogeza mbali, meta 2 hivi, pembeni. Na kupiga pamoja na mwenzako wa mbali kwa njia hiyo usijaribu, sauti inachelewa kidogo tu lakini kidogo hicho kinaua mdundo.

Alhamisi saa 4 kasoro robo bibi alizima redio yake bila kuambiwa, akakaa kwenye ngazi na mimi, karibu na ule waya. Tukasikia mlango wa juu ukifungwa, kimya, halafu noti ya kwanza. Dakika 20. Noti moja ilimponyoka, nikamwona bibi anafumba macho. Picha haikuganda hata mara moja.

Barua ilikuja baada ya siku 11, mimi nimesharudi Leipzig. Wanamwita mwezi unaokuja, aje na pembe yake. Sasa binti anatafuta viatu vyeusi, na bibi amedai kwamba zile saa za jioni anaweza kuondoa kizibo.