Ukerewe: Mgeni Ale Wapi?

Sisi tuliozaliwa Busawe, katika wilaya ya Serengeti, tulilelewa kwa ugali wa ulezi, maziwa ya mgando na mgagani, na siku ya heri nyama ya kuchoma. Samaki kwetu alikuwa chakula cha watu wengine. Aliletwa gulioni akiwa amekaushwa, mgumu kama ukuni, na marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba kitu kisicho na kwato hakiwezi kumshibisha mwanamume. Ndugu msomaji asishangae, basi, nikimwambia kuwa niliingia utu uzima pasipo kujua ladha ya samaki aliyetoka majini asubuhi ile ile, ingawa Ziwa Viktoria haliko mbali na nyumbani hata mwendo wa siku moja kwa gari.

Safari iliyonifumbua macho ilikuwa ya posa. Mtoto wa kaka yangu alipata mchumba Ukerewe, nasi wazee wanne tukatumwa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, twende tukazungumze na wakwe. Tulipita Mugumu na Bunda, tukafika Kisorya, na hapo tukavuka mkondo wa Rugezi kwa kivuko. Atokaye Mwanza hana haja ya kuzunguka hivyo. Hupanda meli, na baada ya saa tatu hivi hushuka Nansio, mji mkuu wa wilaya. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hilo, chenye kilomita za mraba zipatazo 530.

Mlo wetu wa kwanza ulikuwa wa aibu, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Tuliingia palipokuwa na viti vya kupendeza na vitambaa vya meza. Tuliletewa chipsi, na samaki aliyekaangwa jana akapashwa moto leo, mkavu, akinuka mafuta yaliyochoka. Mzee mmoja kati yetu, mkubwa kwa umri na kwa ulimi, alisukuma sahani yake kando akasema, "Marehemu baba yako alikuwa na haki." Akamalizia chai yake kwa maandazi.

Kesho yake alfajiri kijana wa wenyeji wetu alitupeleka mwaloni, na hapo ndipo ninapomshauri kila mgeni aanzie. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapopimwa. Pembeni, chini ya turubai, yupo mama lishe mwenye mafiga matatu na sufuria iliyopigwa weusi na moshi. Mgeni huchagua sato wake mwenyewe. Amtazame macho, yawe maangavu. Amfunue mashavu, yawe mekundu. Ambonyeze ubavu, nyama irudi mahali pake. Mama humkata vipande vitatu, humtia chumvi, nyanya, kitunguu na ndimu, akamwacha achemke katika maji yasiyo mengi. Mafuta hayahitajiwi, kwa kuwa samaki ana yake. Mchuzi wake hunywewa kwanza, kwa bakuli, ungali moto. Kisha huja ugali wa muhogo, mweupe na wenye kuvutika, ambao sisi tuliozoea ulezi tuliudharau kwa macho tukauheshimu kwa tumbo.

Apendaye dagaa na aulize kwanza habari za mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mgeni ajaye wakati wa giza atawakuta dagaa wabichi, wa kukaangwa papo hapo mpaka walie mdomoni. Wa kupeleka nyumbani anunue waliokaushwa juu ya chanja. Waliotandazwa chini hubeba mchanga, na hakuna upishi uwezao kuuondoa.

Sokoni Nansio asiache kuonja machungwa, ambayo kisiwa hicho kinasifika kwayo. Nilimwona mzee wetu mwenye ulimi akila sita pasipo kutoa neno.

Mwenye siku za ziada huenda Bugolora, na kutoka huko huvuka hadi Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi, ambao kwa miaka mingi wamefuga ng'ombe kwa kuwakatia majani zizini na kuirutubisha ardhi yao kwa samadi. Njia hiyo ya maji ndiyo iliyokuwa ya kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Septemba 20, 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Wenyeji hawalizungumzi jambo hilo wakati wa kula, wala sisi hatukuliuliza.

Lakini meza bora kuliko zote kisiwani ni ya nyumbani kwa mtu. Aliyekisoma kitabu cha Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, anakumbuka jinsi Myombekere alivyotakiwa apeleke pombe ya ndizi kwa wakwe zake kabla ya kurudishiwa mkewe. Huko mambo ya ukwe hupitia jikoni. Nasi tulijua kwamba jioni ile tungepimwa kwa namna tutakavyokula.

Mkwe wetu ni mvuvi. Nilitazamia kwamba mvuvi hawezi kukosa samaki wa kuwapa wageni, na katika hilo nilikosea. Mtumbwi anaouendesha una injini na nyavu alizokopeshwa na wakala, na kwa mkopo huo sangara wote anaowavua huenda kwenye mizani ya wakala huyo, kwa bei aitakayo wakala. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala, akiwameza furu wa aina nyingi sana ambao hawakuonekana tena. Viwanda vya Mwanza na Musoma humtoa minofu ikapelekwa Ulaya. Mabondo yake hupelekwa Asia kwa bei ambayo mvuvi huisikia tu. Kinachobaki, kichwa na mifupa, ndicho kiitwacho mapanki. Kwa hiyo mtu aweza kuvua samaki wa kilo nyingi usiku kucha, na asubuhi mkewe akaenda sokoni kununua mapanki kama mtu wa mjini. Mkwe wetu alitueleza hayo bila kulalamika, kama mtu aelezavyo habari za mvua.

Usiku uliotangulia, kumbe, hakutoka na mtumbwi wa mkopo. Alichukua ngalawa yake ndogo ya kasia, na wavu wake wa zamani ambao haudaiwi na mtu, akakesha kwenye mvua. Alipata samaki watano. Mama mkwe aliwapika kwa mchuzi mzito, akawaleta katika chungu, akatuwekea mbele kwa mikono miwili.

Kimya kilitanda. Sote tulimtazama mzee wetu, kwani aliyekataa chakula cha wakwe amekataa na binti yao. Yeye aliinama juu ya chungu, akatazama mdomo ule mnene uliogeukia chini, akainua macho na kumwuliza mwenye nyumba, "Mkwe, hawa si ningu?"

"Ni ningu, mzee. Umewajulia wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa sikumfahamu mzee yule. Alipokuwa mtoto, alisema, kila masika ningu walipanda kutoka ziwani wakiufuata Mto Mara, ule ututenganishao na ndugu zetu wa Tarime, kwenda kutaga mayai katika maji mapya. Yeye na wachungaji wenzake walitega migono kwenye vijito, wakawabanika samaki huko huko machungani, kisha wakanawa midomo kabla ya kurudi nyumbani ili baba zao wasisikie harufu. Baadaye, nyavu zilipozidi kwenye midomo ya mito, walipungua, naye akafikiri wamekwisha duniani.

"Hawajaisha," alisema mkwe. "Ila watano ni kazi ya usiku mzima."

Ningu ana miba mingi, na huliwa polepole, kila mtu akiyatazama mambo yake. Mafuta yake ni matamu hata yakaniacha nikilamba vidole mbele ya wakwe. Habari za mahari tulizianza usiku ule ule, na ingawa wenyeji walipanda juu kidogo katika idadi ya ng'ombe, mzee wetu hakubisha kwa ukali tuliomtarajia.

Tulipokuwa tukivuka kurudi Kisorya, alikuwa amebeba furushi la dagaa wa chanjani. Alinisogelea ukingoni mwa kivuko, akaniomba nisimwambie mtu yeyote wa Busawe kwamba ndiye aliyekula vichwa viwili.