Lori Lililolala Chini ya Mwembe

Nyuma ya nyumba ya baba yangu mjini Tanga, chini ya mwembe mkubwa, palikuwa na lori la zamani la jeshi. Lilikuwa la aina ya Bedford RL, lililotengenezwa Uingereza ili lichukue askari na mizigo yao hata mahali pasipo na barabara nzuri. Injini yake ya petroli ina silinda 6, na magurudumu yote manne yaliyogusa ardhi pembeni mwake, mbele na nyuma, huweza kuendeshwa na injini hiyo.

Baba alilinunua mwaka 1976, baada ya lori hilo kumaliza kazi ya jeshi, akawa analibebesha mkonge na kuni. Mwaka 1994 vipuri vilikosekana, akaliegesha. Tangu siku hiyo halikusogea. Kuku walitaga katika chumba cha dereva, na majani ya mwembe yakajaza bodi.

Mwaka 2023 alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Alilizunguka lori mara mbili, kisha akataja bei. Ndugu zangu walikubali mara moja, kwa kuwa fedha zilihitajika ili kuezeka nyumba upya. Baba, aliyekuwa na umri wa miaka 80, alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, akininyoshea kidole mimi: "Mpeni huyu siku 14. Injini ikizunguka, lori litabaki. Isipozunguka, liuzwe, nami sitasema neno."

Basi kazi ikawa yangu. Nilikuwa nimefundisha kemia katika shule ya sekondari kwa miaka 14. Kila mwaka niliandika ubaoni kwamba chuma hupata kutu kinapokutana na maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Nilijiona kuwa naijua kutu. Kumbe niliijua kwa chaki tu!

Asubuhi ya kwanza niliweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, kwa maana breki za gari lililokaa muda mrefu si za kuaminiwa. Kisha nikaanza kufungua mfuniko wa injini. Bolti moja ilikataa. Nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ukasikika mlio kama wa kijiti kikavu, nami nikaanguka chali. Bolti ilikuwa imekatika.

Wewe mwanafunzi umekwisha kujifunza kwamba mkono mrefu wa nyenzo huongeza nguvu. Mimi nilisahau upande wa pili wa somo hilo: nguvu yote niliyoiongeza iliishia kwenye bolti.

Baba alikuwa ameketi kivulini. "Mwanangu," akasema, "chuma hiki kimelala miaka 29. Wewe unataka kukiamsha kwa dakika 5?"

"Nisamehe, baba."

"Usiniombe mimi msamaha. Kitazame kwanza."

Niliweka spana chini. Kwa siku 2 nililichunguza lori nikiwa na daftari na nyundo ndogo. Niligonga chesisi, yaani mifupa inayobeba lori zima. Mahali palipokuwa pazima palilia kama kengele; mahali palipoliwa na kutu palitoa mlio mfupi na mzito. Niliona kwamba bati lililopata jua na upepo lilikuwa na kutu nyembamba. Lakini pale majani yalipolundikana, bati lilikuwa limetoboka, kwa sababu majani yaliyooza hushika unyevu. Upande ulioelekea baharini uliharibika zaidi, maana upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo chumvi huharakisha kutu.

Jambo moja lilinishangaza. Chini ya injini palikuwa na uchafu mweusi wa mafuta yaliyovuja zamani. Nilipoufuta, chuma kiling'aa kama kipya. Uchafu ule niliouchukia ndio uliokuwa umekilinda chuma, kwa kuzuia maji na hewa visikifikie.

Hapo nikaelewa pia kwa nini bolti ilikataa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoharibika. Ikitokea katikati ya bolti na nati, hujibana humo na kuvishikamanisha. Ndani ya silinda mambo huwa vivyo hivyo. Hewa yenye unyevu huingia kupitia vali zilizobaki wazi, na kutu kidogo tu huweza kushikamanisha ringi za pistoni na ukuta wa silinda.

Nikachanganya mafuta ya taa na mafuta ya injini. Mafuta ya taa ni mepesi, hivyo hupenya katika nafasi nyembamba sana. Kila jioni nilidondosha matone kwenye plagi zote 6. Siku ya 6 zilifunguka kwa mkono mmoja. Nikamimina mchanganyiko ule kidogo katika kila silinda, nikangoja.

Kila asubuhi nilijaribu kuzungusha injini polepole kwa hendeli, kile chuma kilichopinda kinachochomekwa mbele ya gari. Siku ya 8, haikusogea. Siku ya 10, haikusogea. Siku ya 12 mnunuzi alipita kutusalimu, nami nilitamani sana kulichukua lile bomba refu. Sikulichukua.

Siku ya 13 hendeli ilisogea kiasi cha upana wa kidole. Niliirudisha nyuma, nikaipeleka mbele, tena na tena. Ilipofika jioni, injini ilizunguka mzunguko mzima. Hewa ikatoka katika matundu ya plagi kwa sauti ya pumzi. Baba akaja akiegemea fimbo yake, akaweka mkono wake juu ya wangu, tukazungusha pamoja.

"Sikieni," akawaambia ndugu zangu, "linapumua."

Siku ile lori halikuwaka. Tangi lilihitaji kusafishwa, breki kufanywa upya, na mabati mengi kubadilishwa. Fedha za kuezekea nyumba ilinibidi nizitafute mimi, kidogo kidogo. Lakini mwanzo wa kazi ulikuwa umepatikana, na haukupatikana kwa nguvu. Ulipatikana kwa kutazama, kuuliza sababu na kungoja.

Jaribio

Chukua misumari 3 safi na chupa 3. Weka msumari wa kwanza katika chupa kavu, uifunge vizuri. Weka wa pili katika chupa yenye maji kidogo, ili nusu ya msumari ibaki nje ya maji. Paka wa tatu grisi pande zote, kisha uuweke katika maji kama ule wa pili. Itazame kila siku kwa muda wa siku 7, uandike unayoyaona.

Maswali

1. Ni msumari upi uliopata kutu zaidi? Eleza sababu.
2. Kwa nini upande wa lori ulioelekea baharini uliharibika zaidi?
3. Taja vitu vitatu vya chuma vya nyumbani kwenu, ueleze jinsi ya kuvikinga na kutu.

Angalia: petroli na mafuta ya taa huwaka upesi. Usivichezee, wala usivikaribishe kwenye moto.