Gunia la mchanga

Gunia lilikuwa na kilo 65. Tulilipima kwenye mzani wa maharage wa kaka yangu, kisha mtoto wake akaongeza makopo mawili ya mchanga, akisema watalii wengi ni wazito kuliko mimi. Akalibeba begani hadi kwenye mkaratusi wa juu, akalining'iniza kwenye roda, akanipungia mkono. Mimi nilikuwa ng'ambo ya bonde, karibu na mkaratusi wa chini, ambako alikuwa amefunga matairi matatu ya gari ili yampokee mgeni.

"Shangazi, sogea pembeni!"

Nikasogea. Nashukuru nilisogea.

Mtoto wa kaka ana miaka 24. Amesoma hadi kidato cha nne, anaendesha bodaboda mjini Ngara, na kichwa chake hakitulii. Mwezi wa nne mwaka 2023 alinipigia simu usiku kuniambia kwamba amepata wazo. Mgeni atafika Ngara, alale, asubuhi apewe pikipiki na kofia ngumu, apite milimani kwenye njia za vumbi mpaka Biharamulo, na kabla hajaondoka avuke bonde akining'inia kwenye waya. Siku nzima, malipo mara moja, chakula ndani yake. Alitaka shilingi milioni tatu na nusu za kuanzia. Alijua ninazo, kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia kwamba kikoba chetu kimevunjwa. Fedha hizo nilizitenga kwa ajili ya bati za nyumba yangu kule Buswelu, Mwanza.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwonyesha picha.

Mwaka 2019 tulikuwa na semina Uganda, mjini Jinja, na siku ya mapumziko wenyeji wetu walitutembeza. Asubuhi tuliendesha pikipiki za magurudumu manne katika vijiji vilivyo kando ya Nile, watoto wakitukimbilia na kutupungia. Mchana tukaingia msitu wa Mabira, ule unaokatwa na barabara ya Kampala kwenda Jinja, hadi maporomoko ya Griffin. Pale kuna nyaya zilizofungwa juu kabisa kwenye miti. Wenyewe wanaita zipulaini. Unavalishwa mkanda unaobana kiuno na mapaja, unafungwa kwa kulabu mbili, si moja. Kijana wa kule alivuta kila kulabu, akaitaja kwa sauti, kisha mwenzake akaja kukagua upya kana kwamba hamwamini. Hilo ndilo lililonipa moyo: watu wawili wasioaminiana.

Niliporuka nilipiga kelele ambazo sikupiga hata nilipojifungua. Halafu, nusu ya njia, nikanyamaza. Vilele vya miti vilikuwa chini ya miguu yangu. Sikuwa na zamu, sikuwa na mgonjwa, hakuna aliyeniita sista. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na tangu nihamishiwe pale sijaona siku ambayo hakukuwa na dereva wa bodaboda kitandani. Kwa hiyo muda ule mfupi wa kuwa kifurushi tu kinachosafirishwa ulinifaa sana. Nilirudi na picha, nikamwonyesha kila mtu nyumbani, na mtoto wa kaka akaomba nimrushie kwenye simu yake.

Wazo lake la kwanza lilikuwa waya wa Rusumo. Alitaka ukatize juu ya mto Kagera, pale kwenye maporomoko, karibu na daraja. Nilimuuliza: waya ukianzia Tanzania na kuishia Rwanda, pasi ya mgeni itagongwa muhuri hewani? Na pale kuna bwawa na mitambo ya umeme wa megawati 80 ambao unagawanywa kwa nchi tatu. Nani atakuruhusu uning'inize watu juu yake? Akacheka, lakini alikuwa na jibu. "Shangazi, dunia nzima iliwahi kuja hapa bila kuitwa. Mimi nataka niwaite."

Alikuwa anasema juu ya mwaka 1994, ambao yeye hakuuona. Mimi niliuona, nilikuwa na miaka 11. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimeuona, kisha vilima vikabaki vipara kwa kukatwa kuni. Magari meupe yenye bendera, wapiga picha, marubani. Jina la Ngara lilisomwa redioni kila jioni. Baadaye wageni wakaondoka na bunduki zikabaki, na barabara yetu ya kwenda kwingine Tanzania ikawa haipitiki bila kusindikizwa na polisi. Nilipokwenda kusoma uuguzi, mabasi na malori yalikusanyika, yakasubiriana, yakapita porini kwa msafara, pua kwa mkia, na ndani ya basi hakuna aliyezungumza. Wanawake walificha fedha kwenye nepi za watoto.

Kaka yangu alikuwa utingo wa lori. Mwaka 2004 lori lao lilipasua tairi kati ya Lusahunga na Nyakahura, likaachwa na msafara. Walipigwa risasi jioni ile ile. Yeye ilimpata paja. Alilala chini ya kidaraja hadi asubuhi, kimya, akisikia watu wakipakua saruji ambayo hawakuwa na kazi nayo. Mguu ulipona ukiwa mfupi. Tangu siku hiyo hajapita njia ile. Akiwa na jambo Mwanza, ananituma mimi.

Nilipofika likizo mwezi wa saba, kaka hakusema kitu kuhusu waya. Alikaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, akitutazama tukipima gunia.

Na gunia likaja. Nilidhani lingeteleza, kumbe lilianguka kwa mlalo. Waya, ambao ulitoka kwenye winchi ya lori bovu, ulilia kama nzi mkubwa. Gunia liliyapiga matairi, mkaratusi ukatikisika mpaka majani yakadondoka, mshono ukapasuka, na mchanga ukanimwagikia hadi kwenye soksi. Roda iliendelea kuzunguka peke yake.

Nilikwenda kulitazama lile gunia nikiwa na macho ya kazini. Nyonga. Uti wa mgongo kiunoni. Visigino vyote viwili.

"Ni mwendo tu," akasema alipofika akihema. "Nikilegeza waya, utapungua."

Akaulegeza. Tukajaza gunia jingine. Hilo lilishuka kwa upole, likafika katikati ya bonde, likasimama. Lilibaki likining'inia juu ya kijito, likigeuka taratibu kama mtu anayetafuta alikotokea. Tulitumia karibu saa nzima kulivuta kwa kamba. Majirani walikuja, wakatoa ushauri, mmoja akauliza nani amejinyonga. Kaka alicheka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, na kwa dakika moja nilitaka kumpa yule kijana fedha zote kwa sababu hiyo tu.

Saa nne tukaondoka, pikipiki mbili, yake na ya kuazima. Alisisitiza kwamba mgeni lazima aendeshe mwenyewe. Kubebwa si utalii. Mimi si mgeni wa pikipiki. Zamani nilikuwa zahanati ya kijijini, na chanjo nilizipeleka kwa pikipiki, boksi la barafu limefungwa nyuma. Lakini ilikuwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mikono ilikuwa imesahau klachi. Aliniangalia nikizima injini mara tatu mbele ya soko, na kwa heshima akajifanya anafunga viatu.

Tuliiacha lami Murugarama, tukashika njia ya Rulenge. Sina budi kusema ukweli hapa, maana nilikwenda nikiwa nimeshaamua kukataa: ilikuwa safari nzuri. Njia nyekundu inapanda mgongo wa kilima, inakuonyesha Burundi upande mmoja, inashuka kwenye migomba, inapanda tena. Buni zilikuwa zimeanikwa mbele ya nyumba. Bibi mmoja aliyekuwa amebeba jembe alisimama, akatutazama hadi tukapita, kisha nikamsikia akiita jirani aje aone mama mtu mzima kwenye pikipiki. Mtoto wa kaka alikuwa mbele, na kila penye korongo aliinua mkono wa kushoto na kulionyesha kwa kidole. Hakunikimbia hata mara moja. Kwenye mteremko mkali alishuka, akarudi kwa miguu, akanieleza nitumie gia ipi na nisiguse breki ya mbele. Nimefundishwa na wengi katika maisha yangu, wachache walikuwa na subira ile.

Rulenge tulikunywa chai kwa chapati. Akatoa daftari la shule, akaandika: chai, dakika 30. Alikuwa ameandika kila kitu. Mafuta, umbali, duka lenye maji baridi, nyumba yenye choo safi ambayo mwenyewe alikubali wageni watumie.

Kabla ya Nyakahura mchanga ulinishika gurudumu la mbele, nikaanguka. Ulikuwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilianguka nimekunja mkono kifuani, kwa sababu nimeona viwiko vingi mno vya watu waliojikinga kwa kiganja. Nilibaki chini nikitazama mbingu, nikajikagua kuanzia shingoni, kisha nikaanza kucheka. Alikuja mbio, uso umebadilika rangi. "Shangazi! Shangazi, umeumia?" Nilipomwambia mzima, alikaa chini mchangani kando yangu na hakusema kitu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilifurahi kuiona inatetemeka.

Nyakahura tukarudi kwenye lami, na hapo pori likaanza.

Sasa hakuna msafara. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, kila dereva na wakati wake. Kaskazini ya pale kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopatikana mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, kilomita za mraba 4,707. Mtoto wa kaka anazijua namba hizo kwa moyo. Anajua pia kwamba pikipiki haziruhusiwi hifadhini, ndiyo maana mpango wake unaipita pembeni na kumwambia mgeni: kesho ukodi gari, uingie.

Mahali fulani alipunguza mwendo, akasimama chini ya mti wenye kivuli. Akazima injini.

"Hapa ndipo watanywa maji," akasema. "Pametulia. Panafaa kwa picha."

Palikuwa pametulia kweli. Upepo, ndege, joto la saa nane. Mimi sikuzima injini. Nilishindwa hata kufungua kofia. Mgongo wangu ulikuwa unasubiri kitu, kama zamani ndani ya basi, na akili iliyokuwa ikijua kwamba hakuna kitu haikuweza kuushawishi. Kule Mabira niliogopa kwa fedha, nikajua saa ya kumaliza. Hii ya hapa hakuna aliyeniuliza kama naitaka.

"Unaogopa nini, shangazi? Simba wako kule ndani."

Hadithi ya baba yake anaijua. Mahali hapajui, kaka hajawahi kumtajia. Nikaangalia huku na huku kama naweza kupatambua, na mimi pia sikujua. Nilimwambia tuondoke, jua kali. Akaandika kitu kwenye daftari, akalirudisha mfukoni.

Biharamulo tulifika saa kumi na robo. Tulipanda hadi kwenye boma la Wajerumani, tukakaa ukutani tukiwa na rangi ya njia, nywele, nyusi, meno. Nilimwambia kwamba milioni mbili nitampa. Za kofia nzuri, si zile za sokoni, breki, sanduku la huduma ya kwanza, na kufuatilia leseni ya uwakala wa utalii. Nitamfundisha mwenyewe kumfunga aliyevunjika kabla hajamnyanyua. Waya ashushe.

"Lakini waya ndio utakaowaleta."

"Ushushe."

"Nikipata fundi? Fundi wa kweli, mwenye vipimo?"

"Akipatikana, na yeye awe na mwenzake asiyemwamini."

Hakuelewa, na sikumweleza. Alichuna moshi wa plastiki uliogandia kwenye bomba la pikipiki, akanuna kidogo. Nilimwacha anune. Bati za Buswelu nazo zilikuwa zimepungua, na mimi pia nilikuwa na haki ya kununa.

Usiku, nikiwa gesti na maji ya moto kwenye beseni, kaka alipiga simu.

"Mmefika?"

"Tumefika salama."

"Mlipita saa ngapi?"

Nikajua anauliza wapi. "Saa nane."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake, na nyuma yake mbwa.

"Kile kidaraja," akasema, "kabla ya mlima. Kilikuwa na kingo zimepakwa chokaa. Bado zipo?"

"Sikukiona, kaka. Tulipita mbio."

"Kesho mkirudi," akasema, "kiangalieni."