Steringi ni Nani?

Nilikulia Langas, Eldoret, na elimu yangu ya filamu niliipata kwa kibanda cha video cha mabati, shilingi 10 kuingia, viti vikiwa mbao juu ya matofali. Tafsiri ilikuwa ya DJ Afro. Kama hukukulia Kenya, huyu ni jamaa anayechukua filamu ya vita au ya kungfu na kuisimulia upya kwa Kiswahili chake, akiwapa wahusika mizaha ambayo mwenye filamu hakuiota. Ukiingia umechelewa, swali la kwanza lilikuwa moja tu: steringi ni nani? Ukishaonyeshwa, unatulia, kwa sababu steringi hafi. Wa kuhurumiwa ni walio karibu naye. Rafiki wa steringi, hasa akiwa mwenyeji wa nchi inayopiganiwa, mara nyingi hafiki mwisho wa filamu.

The Killing Fields haikuwahi kufika kwa kile kibanda. Niliiona nikiwa mtu mzima, kwa laptopu, bando la usiku. Mwezi huu nimeitazama tena mara mbili kwa sababu ya kazi fulani niliyoitiwa, nitaifikia. Ni filamu ya 1984, iliyoongozwa na Roland Joffé, kuhusu watu wawili waliokuwepo kweli: Sydney Schanberg, mwandishi wa New York Times aliyetumwa Kambodia, na Dith Pran, Mkambodia aliyekuwa mkalimani wake, msaidizi wake, macho yake, na kwa kadiri ninavyoweza kuamini, rafiki yake.

Sasa nikuulize swali la Langas. Steringi ni nani?

Hata waliotoa tuzo hawakuelewana. Sam Waterston, aliyemwigiza Schanberg, aliteuliwa kwa Oscar ya mwigizaji mkuu. Haing S. Ngor, aliyemwigiza Pran, aliwekwa kwenye kundi la waigizaji wasaidizi, akashinda. Waingereza nao, kwenye BAFTA za mwaka uo huo wa 1985, wakampa Ngor tuzo ya mwigizaji mkuu. Filamu ni ile ile, mtu ni yule yule, kazi ni ile ile. Ukivuka bahari tu, cheo kinabadilika. Nilicheka niliposoma hayo, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo kazi yangu huniuliza kila mwezi.

Mimi huandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo naishi kwa makala, tafsiri, na kunakili mahojiano ya watu wengine. Kazi inayolipa vizuri zaidi ni ile wenyewe wanaiita ufiksa: mwandishi anatoka Ulaya, wewe unamtafutia gari, unamtafutia watu wa kuongea naye, unamfasiria, unamwambia barabara gani isipitwe baada ya saa kumi. Juni 2024, wakati vijana walipofurika barabarani Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, nilizunguka mjini na mmoja wao. Yeye alikuwa na kofia ngumu na fulana ya kuzuia risasi. Mimi nilikuwa na chupa ya maji na leso ya kujifunikia pua. Sisemi haya kwa uchungu. Jamaa huyu ni rafiki yangu. Mama alipolazwa, alinitumia pesa kwa M-Pesa kabla sijamaliza kueleza. Nasema tu kwamba tulikuwa wawili, tulikimbia njia moja, na tulikuwa tumevaa hivyo.

Kwa hiyo nikiitazama filamu hii, naangalia mikono ya Pran. Angalia siku ya Aprili 17, 1975, Khmer Rouge wanapoingia Phnom Penh. Schanberg na wenzake wawili, mpiga picha Mmarekani na mwandishi Mwingereza, wanakamatwa na wapiganaji wakitoka hospitali, wanasukumwa ndani ya gari la kivita. Pran amebaki nje, anabishana na wapiganaji. Schanberg aliandika baadaye kwamba pale alifikiri Pran anajaribu kujiokoa. Kumbe Pran alikuwa ameshaambiwa aende zake, hawamtaki yeye, wanawataka wageni. Alikuwa anaomba aruhusiwe kuingia ndani ya gari. Alijua kwamba wale wageni bila mtu wa kuwasemea wamekwisha. Akaingia, na walipofikishwa mtoni akaendelea kuomba, saa baada ya saa, akiapa kwamba hawa ni Wafaransa, wamekuja kuandika habari za ushindi. Wakaachiliwa.

Filamu haiweki maandishi ya tafsiri pale Wakambodia wanapoongea. Mara ya kwanza nilidhani nakala yangu ina kasoro. Sivyo, ilikusudiwa. Unakaa pale kama Schanberg, husikii neno, unasoma uso wa Pran kujua kama utaishi. Mtu ambaye hajawahi kufasiri katikati ya hatari anaweza kuona ni ufundi wa sinema tu. Mimi najua upande wa pili wa ule uso. Mgeni anasubiri sentensi moja, na wewe umesikia sentensi ishirini, kumi na tisa kati yake zikiwa matusi yanayokuhusu wewe, wala si yeye. Unampa ile moja.

Kisha inakuja sehemu ya ubalozi wa Ufaransa, walikokimbilia wote. Khmer Rouge wanataka Wakambodia watolewe nje. Wenzake wanajaribu kumtengenezea Pran pasipoti ya Kiingereza. Kwenye filamu wanapiga picha yake, wanahangaika na dawa za kusafishia picha, na uso wake unatokea, halafu unafifia na kupotea kabisa. Sijui kama kuna picha nyingine ya sinema inayonitesa kama hiyo. Asubuhi Pran anatoka langoni na kifurushi chake. Schanberg na wageni wengine wanapelekwa kwa malori hadi mpaka wa Thailand.

Watu wengi wakizungumzia filamu hii husema Schanberg alimtumia Pran. Hapo mimi nasita kidogo. Siku chache kabla ya mji kuanguka, Wamarekani walipokuwa wanaondoka kwa helikopta, mke wa Pran na watoto wao wanne waliondolewa, na Pran angeweza kwenda nao. Alibaki. Kwenye filamu anamwambia Schanberg kwamba naye pia ni mwandishi wa habari. Sentensi fupi, inapita haraka, lakini kwangu filamu nzima iko pale. Ukisema alitumiwa tu, umemnyang'anya hata hiyo. Umemfanya punda wa mtu. Mimi mwaka 2024 hakuna aliyenilazimisha kutoka nyumbani. Nilitaka kuwa pale. Nilitaka habari ile kama vile yeye aliitaka, pengine zaidi, maana nchi ni yangu.

Tofauti haikuwa katika kutaka. Ilikuwa langoni pa ubalozi, pale pasipoti zilipoulizwa.

Miaka minne iliyofuata Schanberg alikuwa Marekani. Mwaka 1976 alipata tuzo ya Pulitzer, akaipokea kwa niaba yake na ya Pran. Aliandika barua, alisambaza picha, aliulizia kambini. Filamu haimwachi apumzike: mpiga picha aliyekuwa naye Phnom Penh anamwambia usoni kwamba alimwacha Pran abaki kwa sababu ya tuzo. Wakati huohuo Pran yuko mashambani, chini ya utawala ulioua kati ya watu milioni 1.5 na milioni 2 kwa risasi, kwa jembe, kwa njaa. Anakunywa damu ya ng'ombe usiku. Anamwona mtoto akienda ubaoni kukata kwa chaki picha ya familia, mama na baba. Anakanyaga tope, na tope lile limejaa mifupa ya watu. Jina la filamu, lile la mashamba ya mauaji, ni maneno ya Pran mwenyewe.

Aliponea wapi? Alijifanya hajasoma. Khmer Rouge waliwinda wasomi, basi akasema yeye alikuwa dereva wa teksi, akaongea kama mtu asiyejua kitu, akaficha Kiingereza chake na Kifaransa chake. Hapo nilisimamisha filamu nikatengeneza chai. Huku kwetu watu hudanganya kwamba wamesoma. Nimeketi kwenye mahojiano ya kazi ambapo swali la kwanza ni cheti kiko wapi, na nimeona jinsi uso wa mtu unavyojifunga ukisema huna. Sikuwahi kuwazia mahali ambapo cheti ni hukumu ya kifo.

Ngor hakuhitaji kuwazia. Hakuwa mwigizaji kabisa. Alikuwa daktari wa wanawake na uzazi Phnom Penh, akapitia kambi zile zile, akaficha udaktari wake vile vile. Mke wake alipata uchungu wa kuzaa kambini na mambo yakaenda vibaya. Mume alijua la kufanya, lakini vifaa havikuwepo, na kujitokeza kama daktari kulikuwa kifo cha wote. Mke alifariki, na mtoto. Miaka michache baadaye mtu huyo anasimama mbele ya kamera kuigiza maisha ya mwenzake, na dunia inamwita mwigizaji msaidizi.

Pran alivuka hadi Thailand Oktoba 1979, baada ya Wavietnam kuwaondoa Khmer Rouge mjini. Schanberg akaenda kumchukua. Kwenye filamu anamwuliza kama anamsamehe, na Pran anasema hakuna cha kusamehe, na wimbo wa John Lennon unaingia. Ningeomba wauondoe ule wimbo. Unatuambia tulie kabla hatujawa tayari. Na kuhusu lile jibu, mimi namwamini Pran, lakini namfahamu pia kidogo. Ndilo jibu ambalo mtu mwenye adabu hutoa kwa rafiki anayelia. Lilikuwa zawadi kwa Schanberg. Sisi watazamaji hatukupewa, ingawa wengi tunatoka pale tukidhani tumesamehewa naye. Ninachokiheshimu zaidi ni yaliyofuata, ambayo hayana muziki: Pran akawa mpiga picha wa New York Times, jina lake likachapishwa chini ya picha zake mwenyewe, na urafiki ukaendelea hadi alipofariki 2008.

Nimesema kuna kazi. Rafiki yangu anarudi, anataka kwenda Bonde la Kerio kuandika kuhusu wizi wa mifugo na bunduki. Ananitaka mimi kwa sababu mama yangu ni Mmarakwet na lugha naijua. Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kuliko kofia na fulana. Yeye akifika kule ni mgeni, anaweza kuongea na Mmarakwet asubuhi na Mpokot jioni. Mimi nikitaja jina langu tu, nimeshasema natoka upande gani. Kile kinachonipa kazi ndicho kinachoweza kunimaliza. Na miaka hii yote nimekuwa nikilalamika kwamba jina langu haliwekwi juu ya habari, eti linawekwa chini kabisa kwa herufi ndogo au haliwekwi. Sasa jina hilo hilo likiwekwa juu, kuna watu bondeni watakaolisoma, na mjomba wangu anaishi kule.

Wakenya tuna mfano wetu, na ni wa karibu. Julai 12, 1993, waandishi wanne waliuawa na umati Mogadishu baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba moja pale mjini. Dan Eldon, kijana aliyelelewa Nairobi, ametengenezewa filamu ya maisha yake, na ni haki yake. Hansi Krauss alikuwa Mjerumani. Wengine wawili walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Jaribu kuwauliza vijana wa rika langu, hata wale walio kwenye kazi hii, kama wameyasikia majina hayo.

Juzi nilimwandikia rafiki yangu masharti. Kofia na fulana ya aina ile ile aliyonayo yeye. Bima yenye jina langu, si neno wasaidizi. Kukitokea jambo, tunatoka kwa gari moja, sote au hakuna. Na kuhusu jina juu ya habari, nitaamua mimi, nikishaisoma habari yenyewe, siyo yeye na siyo mhariri wake. La kwanza alikubali dakika hiyo hiyo, na la mwisho akasema sawa, ni haki. Bima anauliza ofisini. Lile la gari hajalijibu. Ninaona ameusoma ujumbe.

Wanaondoka Eldoret Alhamisi alfajiri. Mama ameniuliza kama anipikie chakula cha njiani. Nimemwambia asubiri hadi Jumatano jioni.